Akaunti moja ya intaneti ya kupiga simu, sehemu mbili: nini kinawezekana na nini kinakataliwa

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, ile ambayo modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, hulia kwanza ndipo kurasa zifunguke. Wengi walishangaa kusikia kwamba huduma hiyo ilikuwa bado hai. Lakini wapo watu ambao hadi leo laini ya simu ya mezani ndiyo njia yao pekee ya kuingia mtandaoni, na kufungwa kwa mtoa huduma mkubwa kuliwalazimu baadhi yao kutafuta mwingine, kujisajili upya na kuuliza upya maswali waliyokuwa wameyasahau. Swali moja huwasumbua zaidi: nikilipia akaunti moja, naweza kuitumia sehemu mbili, mathalani nyumbani na ofisini?

Jibu fupi ni hili. Sehemu mbili, ndiyo. Sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa kawaida hapana. Majibu mengi yanayotolewa kuhusu jambo hili huyachanganya hayo mawili, na mtu huishia ama kulipia akaunti ya pili asiyoihitaji, ama kukaa akiandika neno la siri mara kumi huku akidhani amelikosea.

Kinachotuchanganya, kwa maoni yangu, ni mazoea ya intaneti ya siku hizi. Ukiwa na faiba, intaneti ni ya nyumba: waya umefika ukutani, umelipiwa, na ukihama huwezi kuuchukua. Ukitumia simu ya mkononi, intaneti inafuata laini iliyomo ndani ya simu. Intaneti ya kupiga simu haiko hivyo. Humo kuna vitu vitatu vinavyojitegemea, na kila kimoja kina mwenyewe.

Cha kwanza ni laini ya simu. Hii ni ya kampuni ya simu, imefungwa mahali, ina namba yake na bili yake. Cha pili ni akaunti, yaani jina la mtumiaji na neno la siri ulivyopewa na mtoa huduma wa intaneti. Akaunti haikai kwenye modemu wala kwenye waya. Inakaa kwenye kumbukumbu za mtoa huduma. Cha tatu ni kipindi cha muunganisho: muda unaoanza pale simu yako inapopokelewa na kukubaliwa, na kuisha simu inapokatika. Laini unaweza kuwa nazo mbili, tatu, hata kumi. Akaunti unaweza kuiandika kwenye kompyuta yoyote. Kinachohesabiwa ni vipindi.

Nini hutokea unapopiga

Tufuate simu moja tangu mwanzo. Modemu inasikiliza kama laini ina mlio, kisha inapiga namba ya mtoa huduma kama ambavyo mtu yeyote angepiga simu. Upande wa pili kuna mtambo uliojaa modemu, kila moja ikisubiri simu. Modemu yako na ile ya huko zinapokutana huanza kupimana: laini hii ina kelele kiasi gani, inabeba masafa gani, tuzungumze kwa kasi ipi. Hiyo ndiyo ile milio ya kukwaruza inayosikika kwenye spika, na huchukua kama nusu dakika. Kufikia hapo hakuna aliyekuuliza jina. Zimeongea modemu mbili tu.

Ndipo inaanza itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, inayoitwa PPP, iliyowekwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 1994. Kompyuta yako inatuma jina na neno la siri. Mtambo uliopokea simu hauna orodha ya wateja. Kazi yake ni kupokea simu tu. Unapeleka jina lako kwenye seva nyingine, kwa kawaida kwa kutumia RADIUS, mfumo ulioanzia kwenye kampuni ya Livingston mwaka 1991 kwa shida hiihii: mtoa huduma ana mitambo ya kupokea simu katika miji mingi, naye hataki kunakili orodha ya wateja kwenye kila mtambo. Seva ya RADIUS inaangalia kumbukumbu zake na kujibu kwa neno moja: akubaliwe, au akataliwe. Ukikubaliwa, unapewa anwani ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, kutoka kwenye fungu la anwani zilizo wazi wakati huo, na umeshaingia.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mfumo wote uliundwa ili jina moja liweze kukubaliwa kutoka mtambo wowote wa mtoa huduma, katika mji wowote. Kupiga kutoka sehemu mbili tofauti si ujanja wala si kuiba huduma. Ndiyo kazi ambayo RADIUS iliundwa kuifanya.

Kwa hiyo ukitaka kutumia akaunti yako sehemu ya pili, unachohitaji ni laini ya simu huko, modemu, jina lako na neno lako la siri. Kuandika akaunti kwenye kompyuta ya pili hakuifuti kwenye ya kwanza. Hakuna haja ya kuhamisha modemu ileile, wala kumjulisha mtoa huduma. Hata anwani ya IP, ambayo watu huogopa kwamba itagongana, haina shida, kwa sababu katika akaunti nyingi si yako ya kudumu; kila ukipiga unapewa nyingine.

Yako mazingira ambayo hili halifai. Baadhi ya watoa huduma huangalia namba ya laini unayoitumia kupiga, kwa kuwa kampuni ya simu huweza kuituma pamoja na simu yenyewe, na mkataba wao unaruhusu namba iliyosajiliwa tu. Zipo pia huduma ambazo mteja halipi ada ya mwezi: gharama ya intaneti imo ndani ya bili ya simu, na kila mtu huingia kwa jina moja la jumla. Huko kinachokutambulisha ni laini, hivyo ukipiga kutoka kwa jirani, anayelipa ni jirani.

Mtego wa namba ya kupigia

Watu wengi wakishajua kwamba akaunti inakubalika popote, hubeba kompyuta na kupiga namba ileile waliyozoea. Hapa ndipo bili hupasuka. Namba uliyopewa ulipojisajili huenda ni ya mji wako. Ukiwa nyumbani, simu hiyo inahesabiwa kuwa ya ndani ya mji. Ukiwa mji mwingine, inakuwa simu ya masafa marefu, na intaneti si simu ya dakika tatu. Mtu hukaa saa mbili. Bili hiyo haitoki kwa mtoa huduma wa intaneti bali kampuni ya simu, na kumlalamikia mtoa huduma hakusaidii, kwa sababu kwake simu zote mbili ni sawa.

Dawa yake ni kuomba orodha ya namba za kupigia kabla hujasafiri, na kuchagua iliyo ya ndani kwa mahali unapokwenda. Usiishie kuangalia kama jina la mji linafanana. Thibitisha na kampuni ya simu ya huko kwamba kwa laini hiyo, namba hiyo inatozwa kama simu ya ndani, maana mipaka ya utozaji haifuati mipaka ya miji tunayoijua. Mtoa huduma asipokuwa na namba huko, pengine ana makubaliano na wengine wanaompokelea wateja. Katika mpango huo jina lako huandikwa kwa ukamilifu, likifuatiwa na alama ya @ na jina la mtoa huduma wako, kama vile anwani ya barua pepe. Sehemu iliyo baada ya @ ndiyo inayoiambia seva ya ugenini ipeleke ombi lako nyumbani kwako likathibitishwe. Ukiandika jina tupu kama ulivyozoea, utakataliwa hata kama neno la siri ni sahihi.

Laini za ofisini zina mambo yake. Zikipita kwenye swichibodi, yaani mtambo wa ofisi unaogawa simu, utahitaji tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9 au 0, kisha alama ya mkato, halafu namba. Ule mkato huiambia modemu isubiri kidogo, kwa kawaida sekunde 2, mpaka mlio wa nje upatikane. Kama mlio wa swichibodi ni tofauti na ule ambao modemu imezoea, modemu itasema hakuna mlio na kugoma kupiga; kuna mpangilio wa kuizuia isisubiri mlio, nao humaliza shida hiyo. Ila kuna hatari moja ya kuchukuliwa kwa uzito: swichibodi za kidijitali hutumia soketi inayofanana kabisa na ya simu ya kawaida, lakini umeme unaopita humo unaweza kuunguza modemu. Uliza kwanza. Laini inayotumiwa na mashine ya faksi huwa salama, kwa sababu faksi nayo ni modemu ya aina yake.

Na ukifika sehemu ya pili usishangae kasi ikishuka. Modemu za kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, hutangazwa kuwa za kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kasi hiyo inategemea sauti igeuzwe mara moja tu kati ya dijitali na analogi katika njia nzima. Swichibodi, au kifaa cha kugawa waya mmoja kwa wateja wawili, huongeza mgeuzo wa pili, na hapo modemu inashuka hadi 33.6 au chini ya hapo. Akaunti haihusiki. Kumpigia mtoa huduma umlaumu kwa hilo ni kupoteza muda wako na wake.

Wawili kwa wakati mmoja

Sasa tuje kwenye lililo gumu zaidi. Wewe uko ofisini umeingia, na nyumbani mtu anapiga kwa akaunti ileile. Nini kinatokea?

Chukulia jengo lenye milango mingi, na kila mlango una mlinzi anayepiga simu kwa karani mmoja mwenye daftari. Ukiingia, karani anaandika jina lako. Ukitoka, analifuta. Akija mwingine mlango wa pili akitaja jina lako wakati bado limo daftarini, karani anamwambia mlinzi amzuie. Mlinzi hajui kama huyo ni wewe au ni ndugu yako; anachojua ni kwamba jina limeshaingia.

Daftari hilo lipo kweli: karani ni seva, na walinzi ni mitambo ya kupokea simu. Kipindi kinapoanza, mtambo uliopokea simu hutuma taarifa ya kuanza, yenye jina la mtumiaji, mtambo gani, tundu lipi, mara nyingi na namba ya laini aliyoitumia kupiga, pamoja na utambulisho wa kipindi. Kikiisha, hutuma taarifa ya kuisha, yenye sekunde zilizotumika na kiasi cha data kilichopita. Mtoa huduma anayeweka kikomo huhesabu taarifa za kuanza ambazo hazijapata mwenzake wa kuisha. Ikiwa kikomo chako ni kimoja na kimoja kiko wazi, simu ya pili inakataliwa. Wengine hufanya kinyume: humkubali wa pili na kumkata wa kwanza. Na wapo wasioweka kikomo chochote, wanaohesabu tu saa zote na kuzijumlisha kwenye bili.

Kwa nini wazuie, ilhali kila simu ina laini yake? Sababu iko kwenye namna ya kulipia. Malipo yalipokuwa kwa saa, vipindi viwili vilikuwa mapato mara mbili, na hapakuwa na haja kubwa ya kuzuia. Hali hubadilika kwenye ada moja ya mwezi isiyohesabu saa. AOL ilipoanzisha ada ya namna hiyo mwezi Desemba 1996, watu waliingia na hawakutoka, na wateja wengi walipiga wakakuta laini zinatumika muda wote. Kila anayeingia anashikilia modemu moja ya mtoa huduma na laini moja ya simu upande wake, na hivyo ndivyo vitu ghali katika biashara hii. Mtoa huduma hununua modemu chache kuliko wateja alio nao, akitegemea kwamba hawatapiga wote kwa pamoja. Akaunti moja ikitumiwa na nyumba tano, hesabu hiyo inavunjika, na anayeumia kwanza ni mteja mwingine anayekuta laini bize. Mimi naona kikomo hicho ni cha haki, mradi kimeandikwa wazi kwenye mkataba. Kisichokuwa cha haki ni kumwacha mteja akisoma ujumbe unaomdanganya kuhusu sababu.

Maana ujumbe hudanganya. Kwenye Windows, aliyekataliwa huona kosa namba 691, lenye maelezo kwamba jina au neno la siri si sahihi. Seva ya RADIUS ilijibu "akataliwe" tu, na kompyuta ikatafsiri jibu hilo kwa njia pekee inayoijua. Hivyo mtu anabadilisha neno la siri lililokuwa zima, na sasa kompyuta ya sehemu ya kwanza nayo inakataliwa kwa sababu bado ina lile la zamani. Ukiona 691 na una hakika na neno lako, jiulize kwanza kama kuna mtu, au kompyuta, bado iko ndani. Linganisha na makosa mengine: 676 ni laini inatumika, 678 ni hakuna aliyepokea, 680 ni hakuna mlio. Hayo matatu yanahusu simu yenyewe. Ukiyaona, ujue hata jina lako halijaulizwa.

Kompyuta iliyosahaulika ndiyo chanzo kikubwa. Umeondoka ofisini ukiamini kwamba simu itajikata, kwa sababu mtoa huduma hukata muunganisho usiotumika. Lakini programu ya barua pepe imewekwa iangalie barua kila baada ya dakika 5, na kwa seva huko ni kutumia. Saa ya kusubiri inaanza upya kila mara, simu haikatiki usiku kucha, na wewe nyumbani unagonga mlango wako mwenyewe. Weka mpangilio wa kukata simu kwenye kompyuta zote mbili, na uzime ukaguzi wa barua wa kujiendesha kwenye ile unayoiacha.

Kuna na jina linalobaki daftarini wakati mwenyewe ameshatoka. Umeme ukikatika kwenye mtambo uliokupokea, au taarifa ya kuisha ikipotea njiani, karani hana habari kwamba umeondoka. Umekata simu, hakuna aliyeingia popote, na bado unakataliwa. Mifumo mizuri, kabla ya kukukataa, huuliza mtambo wa kwanza kama kweli bado uko pale. Isiyofanya hivyo husubiri muda fulani upite, au mhudumu alifute jina kwa mkono. Kwa hiyo ukikwama kwa zaidi ya dakika chache, piga simu huduma kwa wateja na uwaambie wazi: angalieni kama kuna kipindi changu kilichobaki wazi, kikateni. Sentensi hiyo itakufikisha mbali kuliko kusema "intaneti haifanyi kazi".

Yanayosemwa na si kweli

Wapo wanaosema wawili wakiruhusiwa kuingia, kasi hugawanywa nusu kwa nusu. Si hivyo. Kila simu ina njia yake kutoka mwanzo hadi kwa mtoa huduma, kila mmoja anapata kasi ya laini yake. Kasi hugawanyika pale kompyuta mbili za nyumba moja zinapotumia modemu moja, jambo ambalo Windows 98 toleo la pili, la mwaka 1999, lilikuja na uwezo wa kulifanya. Huo ni muunganisho mmoja, kipindi kimoja, na kwa seva unaonekana kama mtu mmoja. Kama wanaotaka kuingia kwa pamoja wako chini ya paa moja, hiyo ndiyo njia, na akaunti ya pili haihitajiki.

Wengine wamesikia kwamba simu mbili zinaweza kuunganishwa ziwe intaneti moja yenye kasi mara mbili. Hilo ni kweli, lakini ni jambo jingine: laini mbili ziko mahali pamoja, kwenye kompyuta moja, na mtoa huduma lazima akuruhusu vipindi viwili. Ruhusa hiyo hiyo ndiyo unayoweza kuomba kwa ajili ya sehemu mbili. Baadhi ya watoa huduma wamekuwa na kifurushi cha kuingia wawili, kwa malipo ya nyongeza. Uliza kwa maneno hayo: vipindi vingapi kwa wakati mmoja?

Kuhusu kumpa mtu neno la siri ili atumie wewe ukiwa umelala, kitaalamu inawezekana. Lakini kila kinachofanyika katika kipindi hicho kimeandikwa kwa jina lako, na akija mtu kuuliza nani alikuwa na anwani fulani ya IP saa fulani, jina litakalotoka ni lako.

Barua pepe ukiwa sehemu ya pili

Limebaki hili, ambalo hujitokeza baada ya kila kitu kuonekana sawa. Watu wengi hupokea barua kwa njia ya POP3, ambayo kwa mazoea yake huzivuta barua hadi kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. Barua ulizofungua ofisini hutaziona nyumbani. Hazijapotea, ziko kwenye diski ya ofisini. Weka kompyuta moja iwe ya kuhifadhi, na nyingine uiwekee mpangilio wa kuacha nakala kwenye seva, au uhamie IMAP, ambayo barua hubaki kwenye seva na kila kompyuta huziona zilezile. Kwenye laini ya kasi ndogo IMAP ina faida ya ziada: unaweza kuvuta vichwa vya barua tu, ukaamua upi mzigo wa kubeba.

Kutuma ni shida nyingine. Ukiingia kupitia mtoa huduma wa ugenini, barua zinaingia vizuri lakini hazitoki. Seva ya kutumia barua ya mtoa huduma wako ilizoea kuwakubali walio ndani ya mtandao wake pekee, kwa kuogopa watuma barua taka, na sasa unaonekana kama mgeni. Fungua mipangilio ya seva ya kutuma, washa sehemu inayodai jina na neno la siri, na badala ya mlango namba 25 (namba ya njia ambayo programu hupitia kuifikia seva), ambao mitandao mingi huuziba kwa wageni, weka 587. Kama mtoa huduma wako anautumia mlango huo, barua zitatoka ukiwa sehemu yoyote unayopigia.